Jibu Lilipikwa Kasulu, Likaliwa Kibondo

Wiki nzima simu yangu imekuwa kama redio ya kinyozi, haizimwi. Wengine mmenitukana, wengine mmenililia, na kuna mama mmoja wa Makere amenitumia ujumbe: "Mwanangu usitutese, sema tu, alilifunua au hakulifunua?"

Mama, vuta kigoda. Leo nasema.

Kwa mliochelewa kuingia: mimi ni Firdausi, binti wa muuza vitambaa hapa Kasulu mjini. Hilali ni mtoto wa Bi Siti, jirani yetu wa nyuma ya msikiti. Alikwenda Dar kusoma, akarudi na stashahada na miwani. Mwaka ule wa uchaguzi, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, shirika moja likamchukua akatunze ghala huko Kibondo. Kabla hajaondoka, wazee wake walileta posa kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilimpenda Hilali tangu tukiwa wadogo, na kasoro yake nilikuwa naijua tangu tukiwa wadogo. Hajui kusema hapana. Siku moja alikubali kuchezea timu mbili, na timu zenyewe zinakutana. Siku ya mechi akajifunga kitambaa shavuni, akasema jino linamuuma. Tulicheka mtaa mzima. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa, nyumba zetu hizi ambazo mababu walitoka Pangani na biashara zao zina mambo yake. Posa haijibiwi kwa mdomo. Inapikiwa. Upande wa msichana ukikubali, linapikwa sinia la pilau, linafunikwa kwa kawa la ukindu, anapelekewa mwanamume mwenyewe. Yeye ndiye anayelifunua, kwa mkono wake, mbele ya watu, na anakula tonge la kwanza. Sinia likirudi kwetu, linarudi na khanga ya kisutu aliyoiweka yeye ndani. Hapo uchumba umekaa. Asipolifunua, amekataa. Hakuna ugomvi wala maneno. Watu wameshajua.

Na kawa hupelekwa na shangazi. Yeye ndiye msemaji. Msichana hasemi posa yake.

Jumamosi ile Shangazi Zuhra akaamka na malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mama akasema tuahirishe. Nikasema pilau limeshaiva, na Hilali mwenyewe alisema kwenye simu kwamba hosteli yao ina wikiendi ya kufahamiana, vijana wa kazi kutoka mashirika yote, "njooni tu, wenzangu washuhudie."

Nilikuwa na haraka ya kuolewa, ndugu zangu. Nikabeba kawa langu mwenyewe. Wiki iliyopita niliwaacha nikishuka kwenye basi stendi ya Kibondo, sinia kichwani, mvua ya Novemba inaanza.

*

Hosteli ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, katikati ukumbi wenye televisheni. Wapangaji wake wote vijana: manesi, wahasibu, walimu wapya, watu wa maji na vyoo vya kambini. Siku hiyo wametundika turubai uani, spika mbili zinaunguruma, na mbuzi ananing'inia kwenye mwembe wa jirani akisubiri kuchunwa.

Napenda nyumba iliyojaa watu. Nikasema moyoni, Mungu kanichagulia mashahidi.

"Oyaa! Mpishi kafika!"

Aliyepiga kelele ni Sylvesta, mhasibu, mtoto wa Busunzu, tumbo mbele na kicheko mbele ya tumbo.

"Dada, lete nikupokee. Tumbo langu limeanza kuongea Kiha peke yake."

"Usiguse," nikamwambia. "Hili lina mwenyewe."

"Ego, haya! Huyo mwenyewe kazaliwa na bahati gani?"

Mwenyewe akatokea ukumbini, amevaa bukta na jezi, mpira wa wavu kwapani. Aliponiona, mpira ukamponyoka.

"Firdausi? Shangazi yuko wapi?"

Wasomaji, neno la kwanza. Hata salamu hakunipa.

"Anaumwa."

"Umekuja peke yako?"

"Nimekuja na hili."

Akalitazama kawa. Bibi yangu alilisuka kwa ukindu wa rangi, zambarau na kijani, kazi ya mfungo mzima. Akalitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

"Liweke pale mezani," akasema.

"Hilali, unajua hili haliwekwi mezani."

"Najua, najua. Subiri kidogo. Watu wakae kwanza."

Nikasubiri. Nimesimama na sinia, maji ya mvua yanatiririka shingoni. Nikajiambia ana haya. Mwanamume mwenye haya ni mwanamume mzuri.

*

Watu wakakaa. Sylvesta akashika kipaza sauti.

"Utambulisho! Kila mtu jina, kwao, kazi, na atuambie kama amefungwa au yuko huru. Msidanganye, polisi tunao humu."

Wakacheka. Wakaanza mmoja mmoja. Mwalimu wa fizikia akasema yuko huru lakini kwa dhamana. Nesi mmoja akasema amefungwa maisha, mume yuko Tabora. Raha tupu. Nami nacheka, nimelikumbatia sinia langu.

Akasimama msichana mwembamba, nywele fupi, macho makubwa.

"Miye naitwa Elise. Niko muuguzi. Nilizaliwa Uvira, nikakomalia kambini Nyarugusu. Wamenipatia kibali ya kuya kusaidia Nduta, juu najua Kirundi. Hiyo ya kufungwa..." akafunika uso. "Apana. Naachia Mungu."

Uani kukalipuka miluzi. Hilali naye alicheka, ila alichelewa. Wenzake walishanyamaza, yeye ndiyo anaanza.

Zamu yake ikafika.

"Naitwa Hilali. Kasulu. Ghala."

"Umefungwa?" wakamuuliza wote kwa pamoja.

"Aaah... niko njiani."

"Njiani wapi? Unatoka au unaingia?" Sylvesta akamkazia. "Na huyo mgeni wako uliyemsimamisha kwenye mvua, mtambulishe basi."

Nikajiweka sawa mtandio. Nikamwangalia mdomo.

"Huyu ni Firdausi," Hilali akasema. "Mtu wa nyumbani. Ametuletea chakula."

"Makofi ya kilo kwa mpishi!"

Wakanipigia makofi ya kilo, ndugu zangu. Moja, mbili, tatu, pwaa! Watu wasomi, wameinuka kwenye viti, wananishangilia mpishi.

Shangazi Zuhra angekuwepo, angewanyamazisha kwa mkono mmoja. Angesema, mimi ni dada wa baba yake, nimeleta jibu. Mimi ningesema nini? Nitajinadi mwenyewe? Nikakumbuka kwamba kama mdomo umemshinda, mkono bado anao. Nikavuka uani, nikaliweka sinia kwenye kigoda mbele ya magoti yake.

"Karibu, Hilali."

Ilinyamaza hata spika, au masikio yangu ndiyo yalinyamaza. Alikuwa amekaa hivi na kawa liko hivi, karibu kuliko mimi na wewe. Alilelewa na Bi Siti huyu. Anajua kila kitu. Nikaona vidole vyake vinanyanyuka kutoka kwenye goti.

Vikaingia mfukoni.

"Waanze wageni," akasema.

"Mgeni ndiye mimi!" Sylvesta akaruka, akalifunua.

Harufu ya iliki ikajaa uani. Wakashangilia. Mikono ikaingia kutoka kila upande. Nikasimama pale nikiangalia mahari yangu, nyumba yangu, watoto wangu wanaliwa na watu wa maji na vyoo, nao wanasifia.

"Dada una mkono!"

"Dada una namba? Bosi wetu anaagwa mwezi ujao, tutakuhitaji."

Nikawapa namba. Nikatabasamu. Ningefanyaje?

Na kawa la bibi yangu? Mwalimu wa fizikia aliliokota chini, akaenda nalo kwenye jiko la mbuzi, akaanza kupepea mkaa.

*

Hapakuwa na basi la kurudi mpaka kesho yake. Nikaosha vyombo, maana mpishi huosha vyombo. Aliyekuja kunisaidia ni mmoja tu, yule Elise.

"Maman, pole. Kazi mingi, na miye nimekula tu. Leta hii sufuria."

Akanipeleka kulala chumbani kwake. Akanipa kitanda, yeye akatandika mkeka chini, na nilipokataa akanisukuma kwa mikono miwili nikaangukia mto. Tukapiga soga. Mnanijua, umbea ni chakula changu. Akanipa habari za hosteli yote, nani anamkwepa nani, nani anaiba sukari ya wenzake, nani anakoroma mpaka upande wa pili wanagonga. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka sikuyazuia, maana alidhani ya kicheko.

Nilimpenda yule binti. Andikeni hilo kabla hamjanihukumu.

Asubuhi aliingia kutoka bafuni, maji yanamdondoka, amejifunga khanga kifuani.

Kisutu.

Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kwa wasiojua: khanga hiyo ndiyo ya bi harusi. Kwetu mwanamke huvikwa siku yake, halafu huihifadhi kwa udi sandukuni mpaka apate wa kumrithisha. Sijawahi kuona mtu anatoka nayo bafuni.

"Khanga nzuri," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya jirani.

"Eeh? Hilali njo alinipatia, siku ya fete yangu ya kuzaliwa. Alisema iko inakaa bure kwa valizi yake ya nguo." Akaipapasa. "Inakausha maji muzuri, weye!"

Karibu na pindo, juu ya goti lake, nikaona tundu dogo lililoungua, kama harage.

"Imeungua hapo."

"Ilikuya nayo. Naipendaka ivo ivo."

Nikajituliza. Kisutu kinauzwa kila mahali, baba yangu mwenyewe anakiuza. Labda alinunua kibovu kwa bei ya kutupa. Labda ni zawadi ya rafiki tu. Mwanamke akitaka kujidanganya hakosi kitambaa.

Elise akakaa kitandani kando yangu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi ya maji.

"Dada, nikuambie kitu? Hilali alisema weye ni dada yake wa kwao. Miye na yeye, tuko tunapendana. Ameniambia atakuya Nyarugusu kuona baba yangu. Lakini baba yangu ni muchungaji, na Hilali ni Muislamu, na miye ni mukimbizi, sina kitu. Naogopa maman yake." Akaniangalia kwa macho yale makubwa. "Weye unajuana naye. Utanisemea?"

Niliyekuja bila msemaji, nikafanywa msemaji.

"Nitaona," nikamjibu.

Akatoka nje kuanika kipande cha pili cha doti. Nilimwona dirishani anakitundika kwenye kamba, katikati ya soksi za wahasibu.

*

Hilali nilimkuta kwenye tangi la maji, anapiga mswaki.

"Timu mbili," nikamwambia.

"Nini?"

"Umekubali kuchezea timu mbili, Hilali. Mara hii jino gani litakuuma?"

Akatema povu. Akajifuta mdomo kwa jezi. Miwani hakuwa nayo, akawa anaonekana yule mtoto wa nyuma ya msikiti, na Mungu anisamehe, bado nilitaka kumfuta povu lililobaki kidevuni.

"Firdausi, sikiliza. Sikukataa."

"Hukulifunua."

"Sikulifunua, lakini sikukataa. Sikutamka."

"Na kwa Elise?"

"Na kwake sikukataa. Alikuwa peke yake, analia, ndugu zake wako mbali. Ningemwambia nini?" Akashusha sauti. "Nipe muda. Nitaongea na mama."

"Mama yupi? Wangu, wako, au wa Nyarugusu?"

Akausuuza mswaki.

"Sinia linarudi leo," nikasema. "Mama ameita watu. Shangazi ametoka kitandani na homa yake. Weka kitu. Chochote, hata kitambaa cha jasho, niwe na cha kuwaonyesha. Au sema hapa, sasa hivi, Firdausi sikutaki, nami nitakwenda kulisema hilo. Moja."

Ndugu zangu, alijipapasa mifuko. Kweli kabisa. Akatoa funguo za ghala. Akatoa jojo moja la kutafuna. Akavitazama kiganjani kama anachagua.

"Sina kitu hapa," akasema. Halafu akaita: "Sylvesta! Hebu muulizie huyu basi la saa ngapi."

Kawa nililikuta limeegemea jiko, linanuka moshi na mafuta ya mbuzi. Nikalifuta kwa upande wa mtandio wangu. Sylvesta alinisindikiza mpaka barabarani, kanibebea sinia, na njiani hakutania hata mara moja. Tulipofika akasema, "Dada, jana nilikosea kitu. Sijui ni nini, lakini uliponitazama nilijua nimekosea."

"Hujakosea wewe," nikamwambia. "Ulikuwa na njaa."

Stendi, wakati basi linapakia, macho yangu yakaangukia duka la khanga. Zimetundikwa nyingi mlangoni, na katikati kisutu kipya, wanga haujatoka.

Sitaki kuwaeleza nilivyowaza. Sikuwaza. Nilimwona mama amekaa mlangoni, na wale wageni, na sinia tupu. Nikanunua. Nikakikunja vizuri, nikakiweka ndani ya sinia, nikafunika. Nikajichumbia mwenyewe.

*

Nyumbani nilisikia kelele tangu nakata kona.

Mama alikuwa ameita mtaa. Mikeka imetandazwa mpaka uani, watoto wako madirishani, wanaume nje na baba kwenye mabenchi, sufuria la chai limesimama. Shangazi Zuhra amefungwa blanketi kama mzigo, macho mekundu, lakini yuko mstari wa mbele. Na kando yake, na buibui yake nzuri, amekaa Bi Siti.

Mimi mpenda nyumba iliyojaa, siku hiyo niliomba Mungu ishuke mvua ya mawe watawanyike.

"Lete hapa, mwanangu!" Mama akalipokea. Akanusa. "Mbona kawa linanuka moshi?"

"Waliliweka karibu na jiko."

"Nani alifunua?" Shangazi akauliza. Homa haikumpumbaza.

"Mama, fungua kwanza," nikasema.

Mama akafunua.

Vigelegele vilivyotoka pale, nadhani Nyarugusu walivisikia. Mama akakitandaza kisutu juu, wanawake wakakidaka, wakakizungusha kichwani kwangu, mtu akaanza kupiga sinia lenyewe kama ngoma. Shangazi analia. Mama analia. Mimi nalia, na wote wakaona ni kilio cha furaha.

"Mpigieni mkwe!" wanaume wakapaza nje.

Baba hana subira na jambo jema. Akampigia, akaweka sauti kubwa, akaishika simu juu watu wote wasikie.

"Hilali, mwanangu! Sinia limefika!"

"Naam, mzee." Nyuma yake nasikia mpira unadunda na watu wanahesabu pointi.

"Tumekiona kisutu!"

Mpira ukaacha kudunda.

Simu haikukatika. Nilimsikia anapumua. Mimi na yeye tu duniani tulijua hajaweka kisutu. Angesema, mzee, kisutu gani? Ningeaibika, ningekufa siku hiyo, na kesho ningeamka mtu huru. Neno moja, Hilali. Mara moja maishani mwako. Nikaiombea simu ile kama mgonjwa.

"Alhamdulillahi, mzee," akasema. "Nimeshukuru."

Vigelegele vikaanza upya. Nami nikakaa chini kwenye mkeka.

Hapo ndipo nikamwona Bi Siti. Hakuwa amepiga kigelegele hata kimoja. Amekivuta kisutu mapajani, anapitisha kidole kwenye pindo, polepole, kama anayesoma. Akazunguka kipande cha kwanza chote. Akashika cha pili, akazunguka nacho. Akarudia tena pembe moja.

"Vipi, Bi Siti?" Shangazi Zuhra akamuuliza. "Ndicho ulichompa?"

Bi Siti akainua macho, akanitazama mimi.

"Ndicho chenyewe," akasema.

Wakashangilia. Yeye akainuka, akanikumbatia mbele ya watu wote, akaniegemeza kifuani, udi wake umenijaa puani. Mdomo wake ukawa sikioni kwangu.

"Changu kiliungua kwa chetezo siku nilipofukizwa mimi," akanong'ona. "Tundu kama harage. Nilimkabidhi Hilali siku anaondoka, kwa mkono huuhuu. Kiko wapi, mwanangu?"

Ningeweza kunyamaza. Mume nimeshapewa, kwa simu, na mtaa mzima ni shahidi. Ningenyamaza ningeolewa. Halafu nikahisi ule mkono wa baridi, na macho yale. Utanisemea?

"Kiko Kibondo, mama," nikamnong'oneza. "Kimeanikwa kwenye kamba ya hosteli. Kuna binti anajikaushia maji, Hilali kamwambia kinakaa bure. Hajui ni nini. Usimchukie."

Mikono yake ikanikaza mpaka mgongo ukauma. Kisha akaniachia, akajipangusa uso mara moja kwa ncha ya buibui, basi.

Akaliokota kawa. Akalifunika juu ya sinia tupu, akafunga kwa mtandio wangu, mafundo mawili. Wanawake wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Badru!" akamwita kaka yake huko nje. "Washa gari."

"Tunakwenda wapi, dada, saa hizi?"

"Kibondo. Kumpelekea mwanangu sinia, alifunue kwa mkono wake."

"Sinia la nini tena?" Mama akauliza. Kisutu kiko mikononi mwake, tabasamu bado halijamtoka. "Bi Siti, humo mna nini?"

Bi Siti akanishika kiganja cha mkono, akanipitisha katikati ya watu, juu ya viatu vyao mlangoni, mpaka kwenye pikapu ya Badru inayounguruma. Akanipakatisha sinia. Akapanda, akafunga mlango.

"Kaa vizuri," akaniambia. "Safari hii kawa lina shangazi."